Mshono Uliopita Kando

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii imezoeleka vinywani hata watu huitema bila kuitafuna. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuuficha ugonjwa wake kwa jirani, kwa ndugu, hata kwa mwenzake wa kitandani, lakini ugonjwa wenyewe haujui kutunza siri. Utanenepa humo humo ndani, na siku ya kutoka utatoka na msiba. Nimewasikia watu wakiitumia kwa mzaha, wakimsukuma mgonjwa mbishi aende zahanati. Tangu yale yaliyotokea katika gereji ya Mshono, mimi siwezi tena kuitamka nikicheka.

Gereji hiyo ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, kati ya wauza matairi na ghala la mbao. Ilikuwa na paa la bati, sakafu ya saruji iliyokunywa oili miaka mingi hadi ikawa nyeusi, na ukuta mmoja uliotundikwa nyundo za kila ukubwa. Mwenye gereji alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mitano, mfupi, kifua kipana, mikono imejaa makovu ya cheche. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika. Watu walimwita Mshono, kwa sababu mistari ya lehemu yake ilinyooka na kulingana kama mshono wa cherehani. Mtu akitengenezewa geti na Mshono aliwaonyesha wageni maungio kabla ya kuwakaribisha ndani.

Alifanya kazi na mdogo wa kiume wa mkewe, mtu mzima wa miaka arobaini, mrefu, mwembamba, baba wa watoto watatu, mdomo haukai. Huyo walimwita Keke, kwa kuwa kila umkutapo ana keke ya kutobolea chuma mkononi. Walikuwa wameshirikiana miaka kumi na minane. Walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, na walipendana kama chanda na pete, ingawa hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele ya mwenziwe.

Miaka mitatu kabla ya siku ninazosimulia, Mshono alianza kuona ukungu. Alidhani ni moshi. Akabadilisha kioo cha barakoa yake ya kulehemu, ukungu ukabaki. Hatimaye alikwenda peke yake katika kliniki ya macho iliyo upande wa pili wa mji, mahali ambapo hakuna aliyemfahamu. Muuguzi alimmulika, akamwambia, "Una mtoto wa jicho, baba. Macho yote mawili. Usiogope, huondolewa. Unaingia asubuhi, jioni unarudi kwako."

"Na kazi?"

"Utapumzika mwezi mmoja kwa kila jicho. Hakuna kulehemu."

Mshono alishukuru, akapokea kadi yake, na alipofika barabarani akaichana. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa nzuri. Zamani, alipokuwa anajifunza kazi, fundi aliyemfundisha alianza kukosea vipimo kwa sababu ya macho. Habari zikaenea. Kufikia mwisho wa mwaka mteja wa mwisho alikuwa amehamia kwingine, na yule fundi akawa anashinda mlangoni akisikiliza magari yakimpita. Aliyezieneza habari zile, akaziongezea chumvi na kuwachekesha watu kwa kuigiza jinsi mwalimu wake anavyopapasa, alikuwa Mshono mwenyewe. Kwa hiyo alijua vizuri jinsi watu wanavyomtendea fundi asiyeona.

Basi akajifunza kuficha. Alivaa miwani nyeusi kutwa, akasema ni kwa ajili ya mwanga mkali. Alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye mashine. Futi ya kupimia alimpa Keke: "Nisomee hiyo, mikono yangu ina grisi." Alipolehemu, alipapasa kiungo kwa kidole kwanza, akaweka ncha ya kijiti cha kulehemu pale pale, kisha akauachia mkono ufuate njia unayoijua. Mkono ule ulikuwa na kumbukumbu ya miaka thelathini. Mstari ulitoka umenyooka, na watu wakaendelea kusifu.

Ndipo akaja Sajini.

Alikuwa mwanamke mstaafu wa jeshi, nesi wa vitani, mrefu na mkavu, sauti yake haipandi wala haishuki. Alikuja akiwa ameketi kando ya dereva wa lori la kukokota, na nyuma ya lori hilo kulikuwa na gari la kale la deraya la kubebea majeruhi. Lilikuwa sanduku la chuma juu ya magurudumu manne. Paa lake lilikuwa la bamba nene la kuzuia risasi, na mbavu zake mbili, wa kulia na wa kushoto, zilikuwa za mabati mazito yaliyounganishwa kwa nukta za lehemu zisizohesabika. Rangi ilikuwa mpya. Hilo peke yake lilimtia Keke wasiwasi.

"Nilikaa ndani ya hili miezi kumi na moja," Sajini alisema. "Tumelikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Tunataka lisimame mbele ya ukumbi wetu wa wastaafu siku ya mkutano, wiki sita kuanzia leo. Mwaka jana tulikuwa kumi na wanne. Sasa tuko kumi na mmoja. Sitaki kungoja mwaka mwingine."

Keke alichukua brashi ya waya akakwangua chini ya mlango. Rangi ilitoka kama ganda la yai, na chini yake kulikuwa na bati jembamba lililobandikwa juu ya bati la asili. Akagonga, akasikia sauti ya kitu kilichooza.

"Sajini," alisema, "hapa mtu kapaka poda juu ya upele."

Mshono alipitisha vidole kwenye ukingo wa kiraka kile. "Aliyefanya hivi aliona kutu akaifunika," alisema kwa ukali. "Huyu si fundi, ni muuaji. Kutu ukiifunika unaitandikia kitanda. Maji yanakaa ndani, chuma kinaliwa taratibu, na wewe huku nje unaona rangi inang'aa." Aliyasema hayo bila haya, na miwani yake nyeusi usoni.

Walikubaliana kuzing'oa mbavu zote mbili, kukata palipooza, na kuweka bati jipya.

Kazi ya kung'oa bati lililolehemiwa kwa nukta haifanywi kwa moto wala kwa hasira. Kwanza unakwangua rangi yote hadi nukta zionekane, kila moja ni kidimbwi kidogo ukubwa wa punje ya hindi. Unaipiga alama katikati kwa msumari wa chuma, kisha unaitoboa kwa keke, ukilipita bati la juu tu. Ukizidisha umelitoboa na la chini, umejiongezea kazi. Ukizimaliza unapenyeza patasi nyembamba kati ya mabati mawili na kuyaachanisha pole pole. Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo kubwa zaidi. Mbavu ndizo zinazolibeba paa. Ukiziondoa, lazima kitu kingine kilibebe. Kwa hiyo mafundi huweka mabomba ya chuma kutoka sakafu ya gari hadi dari na kuyalehemu juu na chini. Mabomba hayo katika gereji ya Mshono yaliitwa magango, kama yale anayofungwa mtu aliyevunjika mguu.

Na gereji ilikuwa na sheria moja kuhusu magango. Anayelehemu hakagui. Mwenzake ndiye anayechukua nyundo ndogo, akaondoa gamba jeusi linalobaki juu ya lehemu, akautazama mshono, kisha akaligonga bomba mara tatu na kusikiliza. Lehemu iliyoshika hutoa sauti kali. Isiyoshika hutoa sauti ya kikohozi. Sheria hiyo aliiweka Mshono mwenyewe, enzi zile alipokuwa anaona.

Upande wa kushoto ulikwenda salama. Magango manne, yote yakagongwa, yote yakaimba. Keke alitoboa nukta mia na kumi na nane akiwa anapiga soga mfululizo. Ubavu ukatoka, na ndani yake wakakuta kutu ya kujaza ndoo mbili. Sajini, aliyekuwa akija kila Alhamisi na kuketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, aliinuka akaja kuitazama kutu ile.

Wiki hiyo hiyo, nyumbani kwa Mshono, mkewe alimtengea maji ya kunywa. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mwenye macho yanayoona hata kijiko kilichohamishwa. Mshono alichukua jagi, akamimina. Maji yalipita kando ya gilasi, yakatiririka mezani hadi magotini kwake. Mkewe hakufuta. Alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Mume wangu, macho yako yana nini?"

"Yana vumbi la grenda. Yana nini tena?"

"Juzi umempa mkono mlinzi wa shule ukamwita shemeji. Mlinzi ana ndevu mpaka kifuani. Ndugu yangu hana hata unywele mmoja wa kidevu."

"Nilikuwa na mawazo."

"Niambie kama unaumwa. Mimi si mteja, mimi ni mkeo."

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kupita. Badala yake Mshono aligonga meza na kuapa. "Haki ya Mungu, naona mpaka uzi unavyoingia kwenye tundu la sindano. Unataka nini zaidi?" Mkewe alinyamaza, maana mtu akishamtaja Mungu, mwenziwe hana la kuongeza. Lakini alipokutana na mdogo wake kesho yake asubuhi alimwambia, "Mwangalie shemeji yako. Simwelewi."

"Nitamwangalia, dada," Keke alijibu. "Ila shemeji ukimwangalia sana anakupa ufagio."

Upande wa kulia ulianza Jumatatu yenye mawingu. Ndani ya sanduku lile la chuma palikuwa na kiza, na ukungu machoni mwa Mshono ulikuwa umekuwa mzito kupita miezi yote iliyotangulia. Aliona mwanga na kivuli, basi. Magango mawili ya kwanza aliyaweka vizuri. La tatu na la nne yalikuwa pembeni, mahali ambapo lazima mtu ajipinde na kulehemu juu ya kichwa chake. Alipapasa kiungo kwa kidole. Akaweka ncha ya kijiti. Lakini aliposhusha barakoa usoni mkono ulisogea, upana wa nusu kidole hivi, naye hakujua. Cheche zikaruka. Matone machache ya mwanzo yalishika kiungo, na kwa sababu ya matone hayo bomba likasimama wima kama lililokamilika. Mstari uliobaki, wote, ulipita kando. Ulikuwa mstari mzuri, umenyooka, umelingana, umelala juu ya bomba tupu bila kuunganisha chochote. Kwenye gango la nne mkono ulirudia kosa lile lile.

Mshono aliposhuka, Keke alikuwa tayari ameshika nyundo ndogo.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Kugonga. Sheria ni yako, shemeji, si yangu."

"Yale manne ya kushoto umeyagonga, yakawaje?"

"Yakaimba."

"Na haya mawili ya mwanzo?"

"Nayo yakaimba."

"Sasa unatafuta nini? Au dada yako amekutuma unichunguze?"

Keke alishtuka, na kushtuka kwake kukamfichua. Mshono akapandisha sauti. "Sikiliza. Nimelehemu kabla hujaota ndevu."

"Sijaota mpaka leo," Keke alijaribu kutania.

"Weka chini nyundo. Siku lehemu yangu itakapohitaji kugongwa na mtu niliyemfundisha kushika keke, siku hiyo nitafunga gereji. Tumebakiwa na siku tisa. Anza kutoboa."

Keke aliitazama nyundo, akamtazama shemeji yake. Angeweza kubisha. Lakini alikuwa amelelewa kumheshimu mume wa dada yake, na zaidi ya hapo aliona kwamba neno moja zaidi lingemvunjia mzee uso wake. Akaitundika nyundo ukutani. Gamba jeusi likabaki juu ya mishono ile miwili, na hapakuwa na mtu wa kuona kilicho chini yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Ila siku ile sikio lilikuwa la mmoja na kifo kilikuwa kinamkodolea macho mwingine.

Jumanne alitoboa. Jumatano alitoboa. Alhamisi, saa tisa alasiri, zilikuwa zimebaki nukta kumi na mbili karibu na sakafu. Sajini alikuwa kwenye kiti chake cha kila Alhamisi. Mshono alikuwa nje ya gari, ameukumbatia ubavu ili usianguke utakapoachia. Keke alikuwa ndani, amepiga magoti, patasi mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia.

"Shemeji," alisema kutoka ndani, "tukimaliza hili gari naomba wiki moja. Mtoto wangu wa kwanza anataka nimfundishe kuogelea, na mimi mwenyewe sijui. Nataka nikajifunze kwanza kwa siri."

"Utazama," Mshono alimjibu, akacheka.

Keke naye alicheka. Akapenyeza patasi, akagonga. Ubavu ukaachia ghafla, pande zote kwa pamoja, ukamwelemea Mshono kifuani. Paa likapoteza mshiko wa upande ule. Uzito wote ukayaangukia magango manne ya kulia. Mawili yakashika, mawili ya pembeni yakachomoka juu kama kizibo cha chupa. Bamba nene likajikunja kwenye mstari wa yale yaliyoshika, na pembe yake ikashuka pale alipopiga magoti Keke. Mtaa mzima ulisikia. Wauza matairi walisema walidhani lori limegonga ghala la mbao.

Mshono aliusukuma ubavu kando akaanza kuita. "Shemeji! Shemeji!" Alipapasa hewa, akapapasa chuma, hakupata njia ya kuingia. Waliokimbilia pale walileta jeki mbili. Iliwachukua dakika kumi na tano kulinyanyua paa kiasi cha mtu kupita. Aliyeingia alikuwa Sajini. Alitambaa ndani ya gari lile alilolijua kuliko mtu yeyote, akaweka vidole viwili shingoni mwa Keke, na kwa mazoea ya kale akatazama saa yake. Alikaa hivyo dakika nzima.

"Ameshakwenda," alisema, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Kisha akaketi humo humo kando ya maiti, na hakutoka mpaka walipokuja kuichukua.

Watu hutafuta maelezo, na maelezo yalikuwa karibu. Walisema gari lilikuwa bovu. Walisema kutu ilikuwa imekula hadi kwenye mifupa. Mshono alisikia, naye akanyamaza. Siku ya mazishi mkewe alimwegemea begani akilia mpaka sauti ikamkauka, na yeye akampigapiga mgongo akisema, "Chuma kilikuwa kibovu, mke wangu. Chuma kilikuwa kibovu." Siku ya tatu Sajini alikuja nyumbani kwao. Alisimama mlangoni, hakukubali kiti.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Mimi ndiye niliyeleta lile gari. Nimewaletea kifo hadi gerejini."

Na Mshono, ambaye moyoni mwake alikwishaanza kujua, alimjibu, "Si kosa lako, Sajini. Ndivyo kazi ilivyo." Alimwacha mwanamke yule aondoke na mzigo usio wake. Mimi ningeweza kumsamehe Mshono mengi, hofu yake, kiburi chake, hata maji yaliyomwagika mezani na kiapo kilichofuata. Hili la Sajini linanikaba hadi leo.

Siku ya kumi na moja aliitwa na mkaguzi wa usalama kazini. Mkewe alisema atakwenda naye. "Aliyekufa ni ndugu yangu," alisema. "Nataka kusikia mwenyewe."

Ofisi ya mkaguzi ilikuwa chumba kidogo chenye meza ya chuma, kabati la mafaili na dirisha lililotazama ukuta. Mkaguzi alikuwa kijana mpole, mwenye kupanga maneno kabla ya kuyatoa. Aliwapa pole. Akasema kwamba amekwenda gerejini mara mbili, amelitazama paa na sakafu ya gari, na kwa kweli chuma cha pale juu hakikuwa kibovu.

"Magango mawili yamechomoka," alisema. "Nataka kuhakikisha kwanza kwamba aliyeyalehemu ni wewe."

"Ni mimi. Hakuna mwingine aliyelehemu."

Mkaguzi alifungua bahasha akapanga picha tatu mezani. "Hizi zimepigwa siku ile. Nionyeshe ile yenye lehemu yako."

Mkewe aliziona picha zile, akafumba kinywa kwa kiganja. Mshono aliinamisha kichwa. Mkono wake ulisafiri juu ya meza, ukagusa ukingo wa picha ya kwanza, ukaipita, ukaiokota ya pili. Aliileta karibu na uso, akaigeuza kidogo kuelekea dirishani.

"Hii hapa," alisema. "Hii ni kazi yangu. Tazama ilivyonyooka. Haina hata tundu moja."

Mkaguzi alimtazama mke wa Mshono.

"Una uhakika, baba?" mkaguzi aliuliza taratibu.

"Nilehemu miaka thelathini nisiujue mshono wangu?"

Mkewe alinyoosha mkono akaitoa ile picha kati ya vidole vyake. Aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa picha ya uso wa Keke, amelala juu ya saruji, vumbi la kutu limemjaa kwenye kope.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema.

Mshono alinyoosha mkono kuitafuta picha, akapapasa meza.

"Umemshika mdogo wangu mkononi, unasema hana tundu." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Tangu lini?"

"Mke wangu..."

"Tangu lini huoni?"

"Huu ni mwaka wa tatu."

Mkaguzi alisukuma picha nyingine kwa mwanamke, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Hakuhitaji elimu ya ufundi kuelewa. Kiungo kilikuwa hapa, na mstari mzuri wa lehemu ulikuwa pale, nusu kidole kando yake.

"Ulikwenda hospitali?" aliuliza mkewe.

"Nilikwenda. Walisema ni mtoto wa jicho."

"Mtoto wa jicho." Aliyarudia maneno hayo kana kwamba anayaonja. "Mwenzangu wa jikoni alitolewa mtoto wa jicho mwaka jana. Aliingia asubuhi, jioni akarudi kwake. Sasa hivi anachambua mchele kuliko mimi." Kisha akaanza kulia, si kama alivyolia kaburini. Alilia kwa hasira, akiipiga meza kwa ngumi, picha zikiruka. "Ungeniambia! Ningekushika mkono nikakupeleka mwenyewe! Ningekulisha miezi miwili! Ungeniambia!"

"Niliogopa watacheka," alisema Mshono.

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi aliandika, akamwomba atie kidole gumba kwenye maelezo yake kwa kuwa hakuweza kuuona mstari wa saini, akamwambia kwamba faili litakwenda polisi. Mshono aliitikia kila kitu. Alipotaka kusimama aligonga kiti, akabaki ameshika ukingo wa meza.

"Mke wangu, sioni mlango."

Mkewe alifuta uso kwa ncha ya khanga. Alimshika, si mkono, bali upindo wa shati, kama mtu anavyomshika asiyemjua.

"Twende. Hatuendi nyumbani. Tunakwenda kwa mjane wake. Utamwambia kwa kinywa chako, na wanawe wakisikia. Halafu utapelekwa kwa Sajini, umtue mzigo uliomtwika. Baada ya hapo ufanywe utakavyofanywa."

Ilikuwa saa nne asubuhi na njia ilipita katikati ya mtaa wa mafundi. Wauza matairi waliacha kazi wakatazama. Walimwona Mshono akitembea bila miwani, uso juu, miguu ikitafuta ardhi, nyuma ya mwanamke asiyegeuka. Walielewa wote kwa mara moja, na mmoja baada ya mwingine wakavua kofia, kwa ajili ya Keke.

Mjane alikuwa uani, anaanika mashati matatu ya shule. Alipowaona aliuliza kuna nini. Mshono alisikia sauti yake, akapiga magoti kuielekea, akakosea upande, akawa anaungama mbele ya ukuta mpaka mtoto mkubwa wa marehemu akaenda kumshika mabega na kumgeuza. Wahenga hawakutuambia kifo kinachokuja kinakuja kumchukua nani. Walituambia neno moja tu, na mtaa ule wote ni shahidi wake: mficha maradhi, kifo humuumbua.